Nilivyofika kwa Jerida na Lori ya Makabati

Wamama wenzangu wa Alhamisi, na nyinyi wa darasa la jioni pale holi ya Kaloleni, nimechoka kusimamishwa njiani. Mmoja ananishika mferejini, mwingine ananingoja mlango wa kanisa: "Mama Tabitha, ni kweli mlienda na maiti?" Mwingine amesikia ati nilipigana na wazee. Basi nimekaa chini nimeandika yote mara moja, msome mkipitishiana. Mwandiko ni wangu na makosa ni yangu, Mwalimu Beatrice asilaumiwe.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu Jerida aliolewa kule Maragoli na Yohana, wakapata wasichana watatu. Yohana akafa. Kaka yake mkubwa, Hezroni, akangoja mwaka mmoja, kisha akasema Jerida hana kijana, kwa hivyo shamba la Yohana lirudi kwake. Jerida akaniandikia barua: wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi saa nne asubuhi, na kama hakuna mtu wa kwao Jerida amekuja kusimama naye, itasemwa hana watu, na kesi inaishia hapo. Kaka zetu wote wawili walishatangulia mbele ya Mungu. Mtu wa kwao ni mimi peke yangu. Nikikosa kufika Jumamosi saa nne, dada yangu na watoto wake wanatoka.

Hiyo barua niliisoma mwenyewe, bila kumpelekea mtu anisomee. Miaka mitatu iliyopita ningengoja mtoto arudi shule. Niliimaliza, nikaikunja, nikaomba, nikaanza kutafuta njia.

Jericho

Njia ikapatikana kwa Kioko. Mnamjua Kioko, bwana ya Mama Mutheu, yule Mkamba wa lori ya kijani. Alikuwa anapeleka makabati ya nguo huko Mbale, yametengenezwa na mafundi wa Jericho hapa Nairobi, na Mbale si mbali na kwa Jerida. Akasema, "Mama Tabitha, kiti cha mbele ni chako, lakini mimi sipendi nyimbo za kanisa kabla ya chai." Tukakubaliana.

Alhamisi asubuhi nikamkuta Jericho akipakia. Makabati saba. Sita yalisimama, la saba lilikuwa kubwa na lina kioo mlangoni, likalazwa chali katikati, likafunikwa blanketi halafu turubai. Nikapanda na kikapu changu: mikate miwili, sukari, majani chai, na Biblia. Fundi mmoja kijana akaniona.

"Sasa mathe! Unahama ama unahamishwa?"

"Naenda kuzuia mtu asihamishwe," nikamwambia.

"Wazi! Chapa kazi mathe."

Tukatoka saa mbili. Kioko alikunywa chai yake Limuru, kwa hivyo kutoka Limuru nikaimba.

Mpaka Nakuru na mlima wake

Mpaka Nakuru hakuna neno. Tulikula mahindi ya kuchoma kando ya barabara, ngumu kama kokoto, na Kioko akaniuliza hiyo haki tunasomea jioni ni haki gani.

Nikamweleza vile Mwalimu Beatrice alitueleza. Kwamba kuna mambo mtu hapewi na mtu mwingine, amezaliwa nayo. Mwanamke ni mtu kamili. Anaweza kumiliki kitu, na bwana yake akifa yeye hawi mzigo wa kugawanywa na masufuria.

Kioko akabadilisha gia, akaendesha kama kilomita mbili.

"Sasa mimi nikifa, hii lori ni ya Mama Mutheu?"

"Ni ya nani tena?"

"Lakini hajui kuendesha!"

"Na wewe ulizaliwa ukijua?"

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini niliona amelibeba hilo neno, kwa sababu pale Nakuru, akijaza mafuta, aliniuliza tena kama mwanamke anaweza kufundishwa gia.

Tukaanza kupanda kuelekea Timboroa. Ule mlima, wacha tu. Lori ililia, ikalia, halafu moshi mweupe ukatoka mbele na Kioko akasema neno la Kikamba ambalo sitaliuliza maana yake. Rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, ilikuwa imepasuka.

Akashuka, akakata matawi ya miti, akayatandaza barabarani nyuma na mbele ili magari yasitugonge. Akachukua sabuni yangu ya kipande, akaikanda na kuipaka pale penye ufa. Tukaenda kidogo, ikatoboka. Tukapaka tena, tukaenda tena. Tulifika Timboroa kwa sabuni na maombi, na sabuni ilikwisha kwanza.

Timboroa, Ijumaa nzima

Kama hamjasikia baridi, nendeni Timboroa. Mama mmoja wa hoteli ndogo, Mkalenjin, alitupa mahali pa kulala. Mimi nililala jikoni kando ya moto, Kioko akalala ndani ya lori na makabati yake. Asubuhi Kioko akafungua rejeta, akaibeba begani kama mtoto mgonjwa, akapata gari la kumpeleka Eldoret kuichomelea. Akaniambia atarudi adhuhuri.

Adhuhuri ikafika. Saa tisa ikafika. Mimi nimekaa pale nje nahesabu magari yanayoshuka.

Yule mama wa hoteli hakujua Kiswahili kingi na mimi sijui Kikalenjin. Alinipa chai ya maziwa yaliyo na harufu ya moshi, nikanywa, akaongeza, nikanywa, akaongeza. Kumbe kwao ukimaliza kikombe unasema unataka ingine, na kwetu ukiacha kitu kikombeni umemtukana mwenye nyumba. Tukaendelea hivyo, kila mtu na heshima zake, mpaka kikombe cha saba nikaweka mkono juu nikisema, "Mama, nihurumie." Akaelewa huo mkono. Alicheka akiwa ameshika tumbo. Halafu tukamenya viazi pamoja, gunia nusu, na hata bila lugha nilimweleza habari ya Jerida kwa mikono: huyu ni dada, hawa watoto watatu, hili shamba, huyu mwanaume anasukuma. Akaangalia, akatikisa kichwa, akajinyoshea kidole mwenyewe. Halafu akaonyesha mlima, mbali sana, pale alipokuwa akiishi zamani. Tukamaliza viazi.

Kioko alirudi jua likizama, rejeta begani, amekasirika kama nyuki. Fundi alikuwa amemngojesha akienda kwanza kula, halafu kusali, halafu kutafuta gesi. Akaifunga gizani kwa taa ya yule mama wa hoteli, na alipomaliza usiku ulikuwa mwingi. Nikamuuliza, "Kesho saa nne tutafika?"

"Tukiondoka alfajiri, na Mungu wako akikaa upande wetu."

"Ni wako pia," nikamwambia.

Serem

Jumamosi tuliondoka nyota zikiwa juu. Wakati nilikuwa nikiaga jikoni, Kioko aliokota yale matawi yake ya juzi, aliyokuwa ameyarudisha kwenye lori, yale mabichi yenye majani mengi, akayafunga mbele ya lori kwa kamba. Alifikiria hivi: tukizimika tena asipoteze wakati kukata mengine. Mimi sikuyaona. Nilipanda gizani upande wa pili, na ukiwa umekaa ndani huoni chini ya pua ya lori.

Wale wa kutoka magharibi mmeshaanza kucheka. Wengine ngojeni.

Tulipita Eldoret kukipambazuka, tukapita Kapsabet, tukaanza kuteremka. Kwa kizuizi cha polisi Kioko akapunguza mwendo akitafuta makaratasi yake. Askari akaangalia mbele ya lori, akaangalia turubai nyuma, akaniona mimi na kitambaa changu cheupe kichwani na Biblia mapajani. Akavua kofia.

"Poleni sana. Piteni."

Kioko hakuamini. "Miaka kumi na mbili nabeba mizigo, sijawahi kuambiwa pole na askari."

"Mungu amelainisha moyo wake," nikasema, na nilikuwa naamini.

Kutoka hapo ikawa hivyo njia nzima. Wazee wanasimama kando wanavua kofia. Mwanaume wa baiskeli anashuka, anainamisha kichwa. Kioko akaanza kupungia watu mkono kama mbunge.

Pale Serem tukakuta wamama wa kanisa kama kumi na wawili, wana vitambaa vya sare, wanaenda kwa mkutano wao. Wakainua mikono. Kioko akafikiri wanaomba kubebwa, akasimama, akawafungulia nyuma. Mkubwa wao, mama mnene wa sauti nzito anaitwa Mama Loise, akaja dirishani kwangu akanishika mkono akasema, "Dada, huwezi kupita hapa peke yako. Tutakufikisha nyumbani."

Nikasema asante. Nikamshukuru Mungu kwa ukarimu wa watu wa Serem.

Lori ikaondoka. Na huko nyuma wakaanza kuimba. Wimbo wa kwanza nikafurahia. Wa pili nikaanza kusikiliza vizuri. Wa tatu ulikuwa ule wa kushusha mwili kaburini.

"Kioko, umefunga nini mbele ya gari?"

"Matawi tu. Ya Timboroa."

"Matawi! Kwetu gari lenye matawi mbele linabeba maiti! Na nyuma umelaza kabati limefunikwa blanketi!"

Kioko akaangalia kioo cha pembeni. Wale wamama walikuwa wamelizunguka lile kabati, wawili wamelilalia juu ya turubai wanalia. Machozi kabisa.

Nikafungua kale kadirisha ka nyuma nikapiga kelele: "Wamama! Hakuna mtu amekufa!"

Mama Loise akainua uso. "Ndiyo, dada. Hajafa. Amelala tu."

"Hapana, nasema ni kabati!"

"Sisi sote tuna majina yetu ya kuliita," akasema kwa upole, "jipe moyo." Na wakaendelea na ubeti wa nne.

Nikaangalia saa ya Kioko. Saa tatu na nusu. Nikisimamisha lori nianze kueleza watu kumi na wawili wanaolia, saa nne itanikuta barabarani. Nikafunga kadirisha. Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu katika safari hii, nimeiungama, na nyinyi msiifanye.

Kwa Jerida

Wazee walikuwa wameshaketi chini ya paa la jikoni, saba. Jerida amekaa kwa nyasi, miguu amenyoosha mbele, macho chini, na wasichana wake watatu nyuma yake. Hezroni amesimama anaongea. Mtoto mkubwa wa Jerida aliniambia baadaye kwamba Hezroni alikuwa ameshauliza mara mbili, "Watu wa huyu mama wako wapi?" na hakuna aliyejibu.

Basi wakatusikia. Sauti kumi na mbili za kilio zinapanda ule mlima, na lori yenye matawi inaingia mpaka uani. Mnajua vile kwetu watu wa msiba hawazuiwi. Wazee wote wakasimama, kofia mkononi. Wamama wakashuka wakazunguka boma wakiimba, mara moja, mara mbili.

Hezroni akageuka rangi. Mtu akizikwa mahali, hapo pamekuwa pa watu wake, hilo mtoto wa kwetu analijua. Akakimbia mbele ya lori akafungua mikono.

"Hakuna mtu atazikwa hapa! Rudisheni huyo maiti Nairobi!"

Mzee Abisai, ndiye mkubwa wao, mwembamba na fimbo yake, akauliza, "Kwani ni nani amefariki?"

Kioko, maskini, akafikiri njia fupi ni kuonyesha. Akavuta turubai, akavuta blanketi, akainua lile kabati likasimama. Mlango ukafunguka kidogo, kioo kikamtazama Hezroni. Hezroni akajiona mzima mzima, mikono wazi, mdomo wazi.

Halafu Mzee Abisai akaanza kucheka, ile ya wazee isiyo na sauti, mabega tu. Mzee wa pili akafuata. Jerida mwenyewe, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi ya Yohana, akaficha uso kwa leso.

Mama Loise hakucheka. Alikuja mpaka kwangu.

"Tumekuja kulia nani?"

Nikamwambia ukweli wote. Hakuna maiti. Ni dada yangu, yule pale, yuko hai, na leo wanataka kumtoa kwa shamba lake kwa sababu alizaa wasichana. Nikaomba msamaha. Nilijua anaweza kunitukana na ana haki.

Akamwangalia Jerida muda mrefu.

"Mimi walinitoa kwa langu," akasema. "Siku hiyo hakuna aliyekuja." Akajifunga leso kiunoni, akageukia wenzake. "Wamama, tunakaa." Na wakakaa, wote kumi na wawili, kwa nyasi kando ya Jerida. Wageni waliokuja kulia na wewe huwezi kuwafukuza kabla hawajapewa hata maji. Kwa hivyo kesi ambayo Hezroni aliitaka ya wazee saba ikawa na watu wa kusikiliza.

Chemchemi

Sasa nikasimama. Nilikuwa nimejitayarisha tangu Jericho. Nikasema mimi ni mtu wa kwao Jerida. Nikaeleza haki za binadamu vile nilifundishwa, nikaanzia juu nikashuka. Mzee mmoja akapiga miayo. Mwingine akasema, "Mama, hayo ni ya Nairobi. Huku shamba linafuata kijana." Hezroni akaitikia, "Sisi hatumfukuzi. Anaweza kubaki kwa nyumba kama mgeni."

Nikaishiwa. Ukweli ni huo, watu wangu. Maneno yote niliyobeba kutoka Kaloleni yalikwisha, na nikasimama pale mikono ikining'inia.

Ni Jerida aliongea. Hakuinuka, alisema tu kutoka pale chini: "Wamama wa Serem hawajapewa maji. Wacha nikawachotee."

Mzee Abisai akasema hata yeye ana kiu. Basi tukateremka sote mpaka kwenye chemchemi, pale mwisho wa shamba la Yohana. Hiyo chemchemi inanywesha boma zote za huo mlima, na Jerida ndiye aliijenga kwa mawe, akapanda miti ya kienyeji kuizunguka na nyasi za ng'ombe kwenye matuta ili udongo usiteremke. Miaka tisa ya mgongo wake.

Jerida akatumbukiza kikombe, akampa Mzee Abisai. Mzee akaangalia ndani. Maji yalikuwa ya kahawia.

"Hii ni nini?"

"Ni udongo, baba. Tuta la juu limebomoka mwezi wa nne."

"Na hukulitengeneza?"

"Sijalitengeneza. Tangu shemeji aseme nitatoka, sijashika jembe hapa. Hata miche nilikuwa nayo hamsini, imekauka kwa mikebe. Kwa nini nipande mti mahali kesho nitaitwa mgeni?" Sauti yake haikupanda. "Na yeye hajalitengeneza kwa sababu bado si lake. Kwa hivyo limekaa tu."

Mzee Abisai akamgeukia Hezroni. "Wewe ungelitengeneza?"

"Mimi ningepanda miwa," Hezroni akasema.

"Miwa! Hapa juu ya maji!" Huyo alikuwa yule mzee wa miayo, sasa ameamka kabisa. "Na bibi yangu atachota wapi?"

Wakaanza kuongea wote pamoja, Kimaragoli cha haraka, na Mama Loise akaingilia bila kuulizwa. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilichukua kama saa moja. Kioko alikuwa amelala ndani ya lori. Mwishowe Mzee Abisai alimwaga yale maji ya kahawia, akasema: shamba la Yohana ni la Jerida na watoto wake, wasichana hao hao, na Jumatatu wazee wataenda wenyewe kwa chifu iandikwe hivyo. Hezroni abaki na upande wake wa barabarani kama baba yao alivyomwachia.

Hezroni akasema atafikiria. Mzee akamwambia afikirie akichimba, aende alete jembe, mpaka unawekwa leo.

Na akaleta. Uso umekunjamana, lakini akaleta, na akachimba mashimo vizuri, siwezi kumsingizia. Jerida alimpelekea uji. Alikunywa.

Kule kwetu mpaka ukipandwa, kijana wa nyumba hiyo hupitishwa shimo kwa shimo, anakanyaga udongo kwenye kila mche, ili wazee wakishakufa abaki mtu anayekumbuka. Mzee Abisai alipanda mche wa kwanza, uliong'olewa pale kando ya chemchemi, akainua kichwa kutafuta kijana kwa mazoea. Akakuta wasichana watatu wamejipanga mstari, mkubwa mbele, viatu mkononi.

Akawatazama mmoja mmoja. Halafu akasogea kando.

Mkubwa akakanyaga. Wa pili akakanyaga. Linet, yule mdogo wa miaka sita, akaona udongo umeshashikamana na hakuna mahali pamebaki.

"Babu, na mimi nikanyage wapi?"

Mzee Abisai akachukua konzi ya udongo, akaumwaga juu ya mche, akaulainisha kwa mkono.

"Hapa," akamwambia. "Kanyaga kwa nguvu."